Mama kachanja na Uviko kaupata, mjomba nimwambieje?

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Nipo Ngamiani, Tanga. Mama ana miaka 68 na ana sukari. Agosti 2021 alichanja Janssen, ile ya dozi moja. Sasa Januari hii kaanza na mafua, koo, mwili kuuma. Kipimo kikaonyesha Uviko. Kalala siku tano, ya sita kaomba bada na samaki mwenyewe. Oksijeni hakuwekewa.

Shida ni mjomba. Ana presha, hajachanja, na sasa kapata la kusema: "Dada kachomwa maji tu." Barazani wanamwitikia. Nimjibu nini?

Mpiga_Ngalawa: Mfukizeni. Nyungu haina dozi ya pili 😀

Nesi_wa_Zamu: Nyungu itamzibua pua, na asipoangalia itamuunguza. Mdogo wangu, kirusi kikizaliana hujinakili, na katika kunakili hukosea, kama mtoto wa chuoni anayekimbizana na ubao. Makosa mengi hayakisaidii kitu. Machache hubadili ile miiba kinayotumia kuingilia kwenye seli zetu. Chanjo ya mama ilimfunza mwili miiba ya kirusi cha mwanzo. Omikroni, aina ya kirusi hiki iliyotangazwa Novemba 2021, miiba yake ina mabadiliko zaidi ya 30, kwa hiyo kingamwili nyingi, zile protini za kinga zinazonasa miiba, hazimtambui vizuri mgeni huyu. Tena zenyewe hupungua miezi ikipita. Hapo ndipo mafua yalipopenya. Ila zipo seli T, askari wengine wa kinga, zinazokijua kirusi kwa vipande vingi. Kubadilika huko hakuzipotezi sana. Hizo huua seli zilizokwisha kuvamiwa, na ndizo husaidia maradhi yasizidi. Sukari yake mmepima? Homa huipandisha.

Ushungi_Buluu: Mbona kwetu Makorora wawili walioumwa wote wamechanja?

Nesi_wa_Zamu: Na waliochanja wasiumwe umewahesabu? Mtaa mzima ukichanja, kila atakayeumwa atakuwa mchanjwa. Linganisha wanaozidiwa, waliochanja na wasiochanja, kwa umri ule ule.

Mpiga_Ngalawa: Hapo nimekubali. Nyungu naacha kwa mafua ya kawaida.

Mwenye uzi: Sukari ilipanda kweli, tumerudi kwa daktari, inashuka. Mjomba nimempa simu asome. Kasoma, kanyamaza, kisha kauliza huyo nesi mtoto wa nani. Nikamwambia simjui. Kasema nimpitie Jumatatu, ila bodaboda nilipe mimi.