Mashine ndogo ya mikanda yenye winchi kwa kutoa magogo mlimani: tani 3 zinatosha?

Mwenye_Paini:
Habari wakuu. Shamba ni ekari 12 za paini huku Mufindi, Iringa, zina miaka 18, zinavunwa mvua zikikata. Mteremko unapanda kama mita 3 kila mita 10, udongo mwekundu. Magogo yanakatwa mita 4, kipenyo cha katikati sm 25 hadi 35. Barabara iko juu, mita 150, na trekta haliingii bila kuchongewa njia. Nimeonyeshwa mashine ya kilo 1,200 inayotembea kwa mikanda ya mpira badala ya magurudumu, yenye winchi (ngoma ya kukunjia waya wa kuvutia) ya umeme ya tani 3. Ichukuliwe? Na waya uwe wa unene gani?

Kisiki_Butu:
Mkuu, anza na gogo, winchi baadaye. Gogo la sm 35 kwa mita 4 ni kama mita za ujazo 0.38. Paini mbichi haipishani sana na maji kwa uzito, kwa hiyo weka kilo 350 hadi 380. Kuliburuta kupanda mteremko huo kunataka nguvu karibu sawa na uzito wake wenyewe. Likigonga kisiki au kuchimbia pua, yaani ncha yake ya mbele, kwenye udongo, zidisha mara mbili au tatu. Winchi ya tani 1.5 inakutosha kabisa.

Hiyo tani 3 ni ya kwenye tangazo tu. Mashine ya kilo 1,200 kwenye udongo mkavu hushika kama asilimia 60 au 70 ya uzito wake. Ukiisimamisha kwenye mteremko huo, sehemu ya mshiko huo inaliwa na mteremko wenyewe, unabaki na kilo 400 hivi za kuvutia. Ukizidisha hapo gogo linatulia, mashine ndiyo inashuka kulifuata. Muulize muuzaji kama ina koleo la nyuma la kuchimbia ardhini. Kama haina, kila mvuto mzito uifunge mbele kwenye kisiki, usawa wa ardhi kabisa, na kiwe kisiki kibichi. Cha misimu miwili iliyopita kinang'oka na mizizi yake.

Fundi_Haidroliki:
Naongezea kwenye umeme. Winchi ya volti 12 imetengenezwa kunasua gari dakika chache kisha ipoe. Ikielemewa hunyonya zaidi ya ampea 200, wakati jenereta ya mashine ndogo hurudisha 40 hivi. Magogo sita mfululizo, betri imekwisha na mota inanuka. Kwa kazi ya kutwa tafuta ya haidroliki, inayozungushwa na mafuta ya pampu ya mashine yenyewe.

Jambo jingine: nguvu iliyoandikwa kwenye kibao ni ya tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma. Ngoma ikijaa, unapoteza theluthi au zaidi. Ndiyo maana usijaze mita 150. Weka mita 50 za waya wa mm 8, vuta gogo hadi kwenye njia ya mashine, inua pua yake sm 30 au 40, kisha endesha. Pua ikiwa juu, karibu nusu ya uzito inabebwa na mashine na gogo halilimi tena. Ila pua ikiwa nzito mno, mbele ya mashine inanyanyuka. Hapo punguza gogo, usiongeze mafuta.

Mwenye_Paini:
Shukrani sana. Vipi kamba ya nailoni badala ya waya? Vijana wanalalamika kushusha waya bondeni.

Kisiki_Butu:
Nailoni hapana kabisa, inanyumbuka kama mpira na ikikatika inarudi na kichwa cha mtu. Kuna kamba za nyuzi maalumu za winchi, hizo hazinyumbuki na ni nyepesi mno, lakini mchanga ukiingia kati ya nyuzi unazikata polepole bila wewe kuona. Waya wa mm 8, mita 50, una kilo 12 au 13 tu. Vijana wavae glavu za ngozi wavumilie. Waya huo mpya hukatikia karibu tani 4, kwa hiyo kwa winchi ya tani 1.5 uko salama. Mizunguko mitano ibaki kwenye ngoma siku zote.

Kitanzi cha mwisho wa waya kifungwe kwa klampu tatu (vibano vya U vyenye nati), ziachane sm 5. Upande wenye nati, ule bapa, ukae kwenye waya unaovuta. Mkunjo wa U ukae kwenye ncha fupi. Wengi hugeuza, na U inauma waya unaobeba mzigo. Gogo lenyewe lifungwe kwa mnyororo wa mm 8 daraja la 80 (kiwango cha uimara wa chuma), mita 2, sm 50 hivi kutoka mwisho.

Ukitumia kapi kukwepa kisiki, kumbuka waya ukikunja digrii 90 kapi inabeba mara 1.4 ya mvuto, na ukirudi ulikotoka inabeba mara 2. Kapi na mkanda wa kuifungia viwe vya tani 3. Na mtu yeyote asisimame ndani ya kona ya waya.

Fundi_Haidroliki:
Mikanda ya kutembelea sasa. Ikilegea, unapogeuka kwenye mteremko inavuka rola na kutoka, na kuirudisha mlimani ni nusu siku. Kila asubuhi angalia mkazo kwa kipimo cha kitabu chake. Mashine nyingi hukazwa kwa kusukuma grisi kwenye nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi. Ukilegeza nipo hiyo usiweke uso mbele, grisi hutoka kwa kasi. Majani makavu ya paini yanayokusanyika kwenye ekzosi yafagiliwe kila ukijaza mafuta, na kizimamoto kisikose. Rejeta nayo ifagiliwe hivyo hivyo.

Kabla ya kulipa, ifunge kwenye mti na uvute gogo halisi dakika 20, kisha shika mota ya winchi kwa mkono. Kama mkono haukai, bei yoyote ni ghali.