Diski inasema Tahadhari na namba zake zina herufi, nihame au bado?

BintiMtambwe:
Asalaam aleikum jamani. N'na kibanda cha kuchapa na kusafisha picha hapa Wete. Kompyuta ni moja tu, ya mezani, na diski yake ni ile ya kuzunguka, GB 500, niliinunua ikiwa tayari imetumika. Tangu juzi nikifungua folda za harusi kila kitu kinaganda, halafu kwa ndani nasikia kama mtu anagonga ukucha kwenye kikombe. Kijana mmoja akanitilia CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kwa flashi. Ikatoa rangi ya manjano, Tahadhari.

Nimezinakili kwenye daftari, sufuri za mbele nimeziacha: 05 ni 10, 09 ni 5B8D, C5 ni 18, C7 ni 3. Sasa juu kule pameandikwa imewaka saa 23437, chini mstari wa 09 ni hiyo 5B8D. Ipi ya kweli? Na leo asubuhi C5 imekuwa 2C. Kutoka 18 kuja 2C ndiyo imepanda au imeshuka?

Fundi wa jirani kaniambia niipige chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, usiku kucha, itajirekebisha yenyewe. Nimesita, kwa sababu ndani mna mitihani ya skuli mbili na picha za harusi tangu 2016, nyingine wenyewe hawajaja kuzichukua wala kumaliza pesa. Nakala nilikuwa nazo kwenye flashi. Flashi akaichukua mdogo wangu, akafuta, akatia tamthilia.

Mkwajuni_tu:
Shoga itoe, ifunge mfuko wa nailoni, itie friza saa nne. Yangu ilipona.

FundiMkunazini:
Mkwajuni, ile ni diski, si papa. Kwa unyevu wa hewa yetu ukiitoa friza tu inatoka jasho kama chupa ya soda, na diski hizo zina tundu la kupumulia. Jasho likifika kwenye sahani za ndani zinazobeba data umekwisha.

Bi Mtambwe, namba zako ziko sawa zote mbili. Orodha ya chini inahesabu kwa kumi na sita: baada ya 9 inakuja A ambayo ni 10, mpaka F ambayo ni 15. Kwa hiyo 5B8D ndiyo hiyo hiyo 23437. Ukifungua saa kumi kwa siku, ni miaka sita na zaidi. Ile 10 ya mstari wa 05 ni 16, 18 ni 24, na 2C ni 44. Imepanda, tena haraka. Kwenye menyu mna pa kuchagua thamani ghafi zionekane kwa DEC, utaziona kwa hesabu yetu.

05 ni vipande vilivyokufa, diski imeshavifunga na kuchukua vya akiba. C5 ni vipande ilivyoshindwa kuvisoma, bado havijaamuliwa. Mimi nikiona 05 imesimama pale pale miezi, siogopi sana. C5 inayopanda kati ya juzi na leo, na juu yake kuna mlio, hapo hakuna mjadala. C7 ni mambo ya waya unaounganisha diski na kompyuta, ukiubadilisha namba haishuki ila haitaongezeka.

Fundi wako amekosea zamu. chkdsk inatengeneza mpangilio wa mafaili, chuma haikitengenezi. Ukiipa /r inapitia diski nzima kipande kwa kipande, na mgonjwa huyu hawezi mwendo huo. Zima sasa. Tafuta diski nyingine kwanza, ndipo uwashe. Anza na mitihani, ni midogo na ndiyo yenye kesi. Folda ikiganda iache, nenda nyingine. Na kama huna UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, usianze siku ambayo umeme unacheza.

MaalimKonde:
Yangu imeandika Nzuri, buluu. Basi nilale?

FundiMkunazini:
Lala, lakini na nakala, maalim. Google walitoa utafiti mwaka 2007 wa diski zaidi ya laki moja. Katika zilizokufa, zaidi ya nusu hazikuwa zimeonyesha kitu kwenye vile vipimo vinne vikubwa ambavyo diski hujipima yenyewe. Manjano uiamini, buluu usiiamini sana.

BintiMtambwe:
Narudi. Nimenunua ya TB 1, mpya, roho imeniuma lakini basi. Mitihani yote imetoka alhamdulillahi. Harusi zimetoka isipokuwa folda moja, ilipofika picha ya 212 ukucha ukaanza tena, nikazima. C5 ni 131, hii nimeshaiweka kwa hesabu yetu msinitishe.

Na folda yenyewe, wallahi, ni ya yule bwana harusi aliyenibakishia 40,000 tangu mwaka juzi. Wiki iliyopita kanisimamisha sokoni ananidai picha zake! Naweza kuzitoa zilizobaki?

FundiMkunazini:
Jaribu ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwa Linux ya kwenye flashi, yaani mfumo mwingine badala ya Windows, unaowaka kutoka kwenye flashi yenyewe. Inachukua kwanza penye wepesi, penye shida inaparuka na kurudi baadaye, na inaandika ramani ya ilipofika. Umeme ukikatika, ukiwasha tena inaendelea pale pale.

BintiMtambwe:
Flashi ya GB 8 yatosha? Ndiyo iliyobaki baada ya mdogo wangu.

FundiMkunazini:
Kwa Linux yatosha. Nakala ya diski nzima na ramani yake zitie kama mafaili ndani ya hiyo ya TB 1, usiandike juu ya diski yenyewe, utafuta mitihani. Lakini soma amri mara tatu kabla ya kubonyeza: diski ya zamani inatangulia, faili la nakala lililo kwenye mpya linafuata. Ukizigeuza unaandika juu ya mgonjwa, na mitihani yako iliyoko kwenye mpya haitakusaidia kumjibu bwana harusi. Ziangalie kwa ukubwa, 500 na TB 1, hutazichanganya.

Mkwajuni_tu:
Na 40,000 achukue kabla ya kuwasha.