Tupeane uzoefu: Ndugu yako alipokamatwa kwa tuhuma za ugaidi, mlipitia nini?

Mgeni_wa_Uzio
Wakuu, juzi nimepita nje ya mahakama moja, karandinga linashusha mahabusu, akina mama wamejazana kwenye uzio wanaita majina ya watoto wao. Yakanirudia yote. Wenye ndugu waliowahi kubebwa kwa tuhuma za ugaidi, mlijuaje alipo? Mlimwona lini? Kesi iliishaje? Kuna mtu anaianza safari hiyo leo na hajui agonge mlango gani. Siasa za vyama naomba ziacheni nje.

Nyundo_Butu
Naweka kigoda.

Bint_Kilwa
Sikutaka kuandika, lakini hao akina mama wa kwenye uzio umenimaliza. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Kaka yangu ni fundi simu. Walikuja usiku, hawakuvaa sare, wakaulizia simu aliyomtengenezea mteja fulani. Akasema wateja ni wengi, daftari liko kibandani. Wakamwambia utatuonyesha. Wakaondoka naye na daftari, laptopu, hata simu za watu zilizokuwa zinasubiri vioo. Asubuhi tukaenda kituoni: hayupo hapa. Kituo cha pili: hayupo, jaribuni mkoani. Mkoani: nani kawaambia tunaye? Mama alikuwa anabeba chakula kwenye hotipoti kila tunapokwenda, na jioni mara nyingi tunarudi nacho hivyo hivyo. Tulianza kuulizia mochwari. Hakuna aliyeshauri, miguu tu ilitupeleka.

Aliyetuambia yuko wapi ni kijana wa kesi ya wizi aliyetoka kwa dhamana. Alikariri namba ya simu ya shemeji kwa kichwa, akatupigia: "Ndugu yenu mzima, anaomba kandambili na dawa ya pumu." Mpaka leo huyo kijana nikimwona nasimama kumsalimia.

Siku ya kwanza mahakamani tulidhani atasema hakutenda, waseme wao, hakimu aamue. Kumbe wapi. Yeye na wenzake wakasomewa shtaka chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi, wakaambiwa msijibu lolote, mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza. Dhamana hakuna. Baada ya wiki mbili, "shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika." Wiki mbili tena, hivyo hivyo. Mvua zikanyesha, zikakatika, mtoto wake akaanza kusimama dede, akatembea, na upelelezi haujakamilika. Kuna siku wakili wa serikali hakuja kabisa, hakimu naye yuko likizo, wakapangiwa tarehe na mtu ambaye hata sikumjua ni nani. Mama alikuwa amefunga siku hiyo. Katoka pale hata futari hakuitaka.

Sasa siku yenyewe mbaya. Tukaambiwa DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka wa serikali, ameondoa shauri, hana nia ya kuendelea, washtakiwa wako huru. Dada yangu alipiga kigelegele mle ndani mpaka askari akamtoa. Tumesimama nje, mama amekwishatoa kanzu mpya kwenye mfuko ili avae hapo hapo. Kaka anatoka mlangoni, anatuona, anacheka. Gari lilikuwa limeshapaki. Wakamshika kiuno cha suruali, wakamwingiza, mlango ukafungwa. Kesho yake alisomewa mashtaka yale yale, jalada namba mpya. Kila kitu kikaanza upya, na upelelezi, mtanisamehe, haukuwa umekamilika.

Aliachiwa baadaye, hakuna shahidi hata mmoja aliyewahi kusimama. Hakuna aliyetuambia alikosa nini au alipatia nini. Fundi simu sasa anauza mkaa, hataki kushika simu ya mtu.

Mama_Sele
Pole mwanangu. Hiyo ya kukamatwa mlangoni na sisi imetupata.

Kichwa_Ngumu
Hii chai. Mtu hakamatwi bure. Simu ya gaidi haijileti kwa fundi.

Nyundo_Butu
@Kichwa_Ngumu fundi anajuaje ya gaidi ni ipi? Inaandikwa nyuma?

Kichwa_Ngumu
Ndiyo maana kuna uchunguzi. Agosti 7, 1998 pale ubalozi wa Marekani Dar walikufa watu 11, na Nairobi zaidi ya 200. Mlitaka wapelelezi wabishe hodi na barua?

Mama_Sele
Tulitaka wamalize kupeleleza. Hodi hatuna shida nayo.

Karani_Mstaafu
Niweke mambo sawa kwa faida ya wasiojua, maana nimeyaandika kwenye majalada miaka mingi.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ni ya mwaka 2002, ilikuja baada ya ile milipuko ya balozi za Marekani na mashambulizi ya Septemba 11. Kesi zake husikilizwa Mahakama Kuu. Hakimu wa chini kazi yake ni kulitunza shauri mpaka upelelezi ukamilike, ndipo alipeleke juu. Ndiyo maana kwa binti hakimu alionekana kama hayupo. Alikuwepo, ila kumwachia hawezi na kumhukumu hawezi.

Dhamana imezuiwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu kilichojulikana mwaka 2020 kama 148(5). Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba, watu wakashangilia. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua, kikarudi kilipokuwa. Kuhusu kukamatwa tena mlangoni: wakati ule sheria hiyo hiyo ilimpa DPP ruhusa ya kuondoa shauri, na kuondoa huko hakukuzuia mtu kushtakiwa upya kwa mambo yale yale. Ilikuwa halali. Mimi naona ni aibu, lakini ilikuwa halali.

Mwaka 2022 ikaja sahihisho kwamba mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Zuri. Makosa makubwa ya Mahakama Kuu yakaachwa nje ya sahihisho hilo. Yaani aliyeiba kuku kapona.

Bint_Kilwa
Asante mzee. Miaka yote hakuna aliyenieleza hivi, hata wakili wetu alikuwa anasema "tuvute subira".

Mwana_Rufiji
Mnaongea vizuri sana kuhusu haki. Mimi natoka kule ambako mwaka 2017 jua likizama kila mtu anazima taa. Mnakumbuka mauaji ya Kibiti, kule Pwani, au mmeshasahau?

Baba yangu mdogo alikuwa kiongozi kijijini. Mtu wa mihuri na barua za utambulisho, mali yake ni baiskeli. Wenzake vijiji vya jirani walikuwa wanapigwa risasi mmoja mmoja: mwenyekiti, mtendaji, mgambo. Tukamwambia hama. Akasema muhuri nimuachie nani? Wakaja baada ya isha. Waliita jina lake kwa adabu kabisa, "shikamoo mzee, tuna shida ya barua." Akafungua. Mama mdogo, mkewe, alikuwa anaepua ubwabwa. Alisikia milio akadhani ni fataki, maana sisi bunduki tulikuwa hatuzijui. Hawakuchukua hata baiskeli.

Mazishi tulifanya haraka na watu wachache, wengine waliogopa kuonekana wanalia. Wanaume wakawa wanalala porini, wanawake na watoto wanalala nyumba moja. Aprili 13 ile wakauawa askari wanane eneo la Jaribu, huko huko Kibiti, silaha zikachukuliwa. Askari wanane! Wewe mwenye jembe utafanya nini? Bodaboda zikapigwa marufuku usiku na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo mkiniambia habari ya mtuhumiwa kuhojiwa kwa utaratibu na wakili pembeni, mimi namwona baba mdogo yuko sakafuni. Haki zake nani alimsomea?

Kichwa_Ngumu
Asante! Uzi ungefungwa hapa.

Nyundo_Butu
Daah. Pole mkuu. Waliomuua walipatikana?

Tumbili_Mjini
Walikuwa akina nani hasa? Kuna waliosema ni ya mkaa, wengine mipaka, wengine dini. Wewe wa kule unasemaje?

Mama_Sele
Mama mdogo yuko wapi sasa? Watoto wanasoma?

Mgeni_wa_Uzio
Jamani, poleni sana, lakini uzi ulikuwa wa ndugu waliokamatwa. Naona wote mmehamia Kibiti.

Tumbili_Mjini
Mwenye uzi acha wivu, mwache mtu aseme.

Mwana_Rufiji
Mama mdogo yuko Mbagala anauza maandazi. Waliomuua hatuwajui mpaka leo, na msiniulize ni akina nani, kila aliyejifanya anajua kule alikuwa anauza maneno tu.

@Mgeni_wa_Uzio nakuja kwenye uzi wako, tulia. Mtoto wa huyo huyo baba mdogo, bodaboda, miezi michache baada ya msiba akabebwa kwenye msako. Mfiwa mwenyewe! Eti alimpakia mtu. Bodaboda unampakia kila mtu. Hakuletwa mahakamani, hakuna hati ya mashtaka, hakuna huo "upelelezi haujakamilika" wenu. Bint_Kilwa, usinielewe vibaya, lakini sisi hayo maneno tungeyasikia tungechinja mbuzi. Mama mdogo anaswalia mume, ila kwa mtoto hajui aombe nini. Mkewe hajui kama akae eda au asubiri.

Sasa niambieni, niko upande gani hapo?

Kichwa_Ngumu
Hukusema hiyo mwanzo.

Mwana_Rufiji
Hukuniuliza. Ulikuwa unafunga uzi.

Afande_Mstaafu
Niliwahi kuvaa gwanda, nisikilizeni kidogo. Kazi hizi si kama wizi wa ng'ombe. Shahidi anakwambia yote chumbani, ukimwambia njoo mahakamani anahama mkoa. Pesa inatumwa vipande vipande, laini ya simu ina jina la marehemu. Ukimwachia mtu kwa dhamana akavuka mpaka kuingia Msumbiji, Oktoba 2020 mliona Kitaya, kijiji cha Mtwara mpakani. Wanakijiji walichomewa nyumba na kuuawa. Siyo kwamba kila mpelelezi ana roho mbaya.

Karani_Mstaafu
Afande nakuheshimu, lakini masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa 2014 wakaachiwa Juni 2021, DPP akaondoa kesi. Miaka saba shahidi anahama mkoa? Kama kuna ushahidi ungewafunga, kama hakuna ungewatoa. Na kesi ya Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, je? Alikamatwa Julai 2021, ikaondolewa Machi 4, 2022, baada ya mahakama kusema ana kesi ya kujibu. Mvutano mkubwa mle ulikuwa juu ya maelezo ya washtakiwa wenzake, yalichukuliwa wapi na saa ngapi, mpaka ikaendeshwa kesi ndani ya kesi. Mpelelezi akifuata utaratibu wa mwanzo, hayo yote asingeyaeleza kizimbani.

Afande_Mstaafu
Hiyo ya Mbowe ni siasa, mwenye uzi alikataza.

Nyundo_Butu
😂😂 Afande kakimbilia kanuni za uzi. Kanuni za mahojiano alikuwa hazikumbuki.

Afande_Mstaafu
Cheka tu. Mimi nimezika wenzangu.

Mama_Sele
Usimcheke baba wa watu. Kila mtu hapa kazika.

Mgeni_wa_Uzio
Turudi kwenye msaada basi. Mtu kabebwa jana usiku, familia ifanye nini asubuhi?

Tumbili_Mjini
Chakula. Peleka chakula kituo kila siku. Kikipokelewa, yupo. Kikirudishwa, hamia kituo kingine.

Bint_Kilwa
Kwetu kuna siku kilipokelewa na hakuwepo. Alikila nani sijui.

Mzaramo_Asili
Wakili haraka. Ndani ya saa 24 awe amefikishwa mahakamani au waeleze kwa nini. Asipoonekana, wakili afungue maombi Mahakama Kuu mtu aletwe mbele ya jaji. Hata yakikataliwa, angalau wanalazimika kujibu kwa kiapo kwamba wanaye au hawanaye.

Kitunguu_Maji
Wakili asubuhi hapana! Ukienda na wakili wanakasirika, wanamhamisha. Nenda na mzee mmoja mwenye mvi, ongea taratibu.

Mzaramo_Asili
Mzee mwenye mvi ana kifungu gani?

Kitunguu_Maji
Ana mvi. Kwetu ilifanya kazi.

Mama_Sele
Andikeni. Siku, saa, namba ya gari, jina la askari aliyewajibu na alichosema. Sisi tulikuwa na daftari la shule, wakili alivyoliona alifurahi kuliko alivyofurahia hela yake. Na muwaambie watu wa haki za binadamu mapema, msisubiri.

Kitunguu_Maji
Msiwaambie, kesi itakuwa kubwa.

Nyundo_Butu
Tayari ni ya ugaidi mkuu, ukubwa gani mwingine unaogopa?

Tumbili_Mjini
Jitoeni kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kule kuna binamu anatuma video asizozijua.

Afande_Mstaafu
Hilo la Tumbili si utani. Watu wamewahi kuhojiwa kwa sababu ya video waliyotumiwa tu wala hawakuifungua. Na nitaongeza moja, mnikubalie au mkatae: ndugu yenu akiulizwa asitie saini karatasi ambayo hajasomewa. Ana haki ya kusomewa, ana haki ya kuwa na ndugu au wakili wakati anaandika maelezo. Aiombe. Akikataliwa, aseme hivyo siku ya kwanza mbele ya hakimu, hata kama hakimu hana mamlaka. Inaandikwa.

Karani_Mstaafu
Inaandikwa, ndiyo. Nimeandika mengi ya hivyo.

Mwana_Rufiji
Na asiyefikishwa kwa hakimu kabisa? Afande?

Tumbili_Mjini
Afande kapotea.

Mzaramo_Asili
@Mwana_Rufiji hayo maombi ya Mahakama Kuu yajaribuni hata sasa. Nitumie ujumbe pembeni, namfahamu wakili aliyewahi kufungua ya namna hiyo. Sikuahidi kitu, ila jina la kijana litakuwa kwenye jalada.

Mwana_Rufiji
Nimekutumia.

Bint_Kilwa
Wakati tupo hapa, swali dogo kwa mzee Karani. Kesi imeondolewa, kaka yuko nyumbani, lakini laptopu, daftari na simu za wateja bado wanazo. Kuna mteja anamdai mpaka leo. Tunazipataje?

Karani_Mstaafu
Mlipewa hati ya ukamataji mali, ile yenye orodha na saini za mashahidi?

Bint_Kilwa
Hatukupewa karatasi yoyote.

Karani_Mstaafu
Basi andikeni barua kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, nakala ofisi ya DPP, mtaje kila kitu kwa aina na rangi, na wale wateja waandike na wao kila mmoja ya kwake. Ipelekeni kwa mkono, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Bila muhuri msiondoke.