Wanajeshi wakitumwa nje, Bunge linaamua au linapiga muhuri tu?

mto_athi: Wakuu nisaidieni hapa. Kifungu cha 240 cha Katiba ya Kenya kinasema Baraza la Usalama wa Taifa linaweza kutuma majeshi nje kwa idhini ya Bunge. Lakini Novemba 2022 Rais Ruto aliwaaga KDF (jeshi letu la ulinzi) waende DRC, yaani Kongo, tarehe 2, Bunge likaja kupitisha tarehe 9. Sasa kama bendera ishakabidhiwa na dunia nzima imeona kwa TV, mbunge atasimama kweli aseme hapana?

likoni_feri: Kisheria walikuwa hawajaruka bado, so idhini ilipatikana kabla. Lakini nakubaliana na wewe, ile kura ilikuwa ngumu kupingwa. Na pesa je? Zaidi ya shilingi bilioni 4 za miezi sita ya kwanza, mwaka ambao watu wa kaskazini walikuwa wanalala njaa juu ya ukame. Hapo ndo mbunge angebana, aulize bajeti imetoka wapi, lengo ni lipi, na vijana wetu wanarudi lini.

mzee_wa_dodoma: Ndugu zangu nyie afadhali. Huku Bongo ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, kisha anapeleka nakala kwa Spika, na Bunge linaitwa ndani ya siku 14 kupitisha au kutopitisha azimio la kumuunga mkono. Yani vita ishatangazwa tayari. Lisipomuunga mkono kinafuata nini? Ibara yenyewe imenyamaza.

likoni_feri: Mbona Uingereza iliwezekana, Agosti 2013 Waziri Mkuu Cameron alienda bungeni kuomba kura ya kuipiga Syria akashindwa 285 kwa 272, na akaacha. Aliuliza kabla ndege hazijaruka, ndo maana jibu lilikua na uzito.

mto_athi: Haswa! Na kinachoniuma zaidi ni Juni 2024, KDF walipotumwa dhidi ya vijana wetu wenyewe waliokuwa wakiandamana barabarani. Notisi ya Gazeti la Serikali ilitoka tarehe 25, Bunge likapitisha tarehe 26, na kifungu cha 241 kinasema wazi kurejesha amani ndani ya nchi ni kwa idhini ya Bunge la Taifa PEKEE. Hii haiwezi kuwa kawaida jamani, hawa ni watu na bunduki. Mwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) ya siku hiyo aitupe hapa, nataka kusoma mbunge wangu alisema nini.