Lenzi gani ya bei nafuu inafaa kupiga picha za mwezi?

Kidoa Cheupe
Wakuu, naombeni msaada. Nina kamera ya APS-C (ukubwa wa kati wa sensa), megapikseli 24, na lenzi moja tu, 18-55 mm iliyokuja nayo. Juzi mwezi mpevu ulichomoza mkubwa, mwekundu, nikatoka mbio na kamera. Nimepiga picha kama arobaini na zote zimetoa kidoa cheupe kilichopauka. Mwanangu amezitazama akaniuliza, "Mwezi wenyewe uko wapi?" Fedha niliyonayo inatosha kitu kimoja cha mtumba. Nichukue lenzi ndefu, darubini, au nibadili kamera?

Lenzi Kuukuu
Kamera usiibadili ndugu yangu, hiyo inatosha kabisa. Tatizo ni ufupi wa lenzi. Chukua milimita za lenzi ugawe kwa 110, utapata upana wa mwezi juu ya sensa, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwa 55 mm ni nusu milimita, yaani pikseli kama 130 tu kwenye picha yako. Kwa 300 mm unafika milimita 2.7, pikseli karibu 700. Ukikata pembeni, mashimo ya mwezini unayaona.

Mimi natumia 70-300 mm ya mtumba. Autofokasi yake (kujilenga yenyewe) imekufa, ndiyo maana niliipata kwa bei ya chini, na kwa mwezi siihitaji: nakuza picha kwenye skrini ya kamera mara kumi, nazungusha pete polepole mpaka ukingo wa mwezi unakatika kama wembe. Kabla ya kununua, mulika lenzi kwa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona vinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache hapohapo hata kama ni ya bure.

Halafu zile picha zako: ukiiachia kamera ijiamulie, inaona weusi wote ule wa anga inadhani kuna giza, inaingiza mwanga kupita kiasi. Kumbe unachopiga ni mawe yaliyo kwenye jua kali. Weka manyuo, yaani upange mwenyewe: ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), na sekunde 1/200 ya kupokea mwanga kwa mwezi mpevu. Mwezi wa nusu shusha hadi 1/50. Kamera ikae kwenye stendi, kizuia-mtikisiko ukizime, na utumie taima ya sekunde 2 ili usiiguse.

Jicho la Usiku
Naongezea kuhusu darubini, maana nilishaumia. Nilinunua ya kioo cha kuakisi, upana milimita 130, nikafunga kamera yangu, haikupata fokasi kabisa! Nyingi za aina hiyo kamera haiingii ndani vya kutosha. Niliishia kuweka simu kwenye jicho la darubini kwa kishikio, na picha ni nzuri kweli. Kama unataka pia kutazama kwa macho, darubini ina raha yake. Kama ni picha tu, sikiliza ushauri wa lenzi.

Lenzi Kuukuu
Na usingoje mwezi mpevu tena. Jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli hakuna, kila kitu kinaonekana bapa. Subiri siku ya saba au ya nane tangu uandame. Jua likizama unakuwa juu kabisa, na mpakani mwa giza na mwanga kila shimo lina kivuli chake.

Kidoa Cheupe
Nimerudi wakuu. Nimepata 55-250 mm ya mtumba, nimeimulika, ni safi. Jana mwezi ulikuwa na siku nane. Pale mpakani nimepata mashimo matatu yamepangana kama vifungo vya shati: Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel. Mwanangu ameyagusa kwenye skrini moja moja. Ila picha za mwisho, saa tano usiku, zimelainika ilhali sikugusa fokasi. Kwa nini?

Lenzi Kuukuu
Hongera sana! Saa tano mwezi ulishateremka, na ukiwa chini unautazama kupitia hewa nene inayochezacheza. Kesho anza mapema, kungali bado na mwangaza.