Mikoba na bangili za plastiki iliyotumika: malighafi tuipate wapi Dodoma?

Mwanakikundi, Chamwino
Habari zenu, ndugu zangu. Kikundi chetu cha akina mama kinataka kufuma mikoba, mikanda na bangili kwa plastiki iliyotumika. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile tunayoiona ni mabaki ya korongoni, nayo hukatika mikononi. Tutumie plastiki gani, na je, ni salama kuiunganisha kwa pasi?

Mfumaji, Majengo
Dada, marufuku ile ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, ila vifungashio vya vyakula na vya viwandani viliachwa, na ndivyo vinavyotufaa sasa. Mimi hupendelea mifuko ya mikate na nailoni inayofunga chupa za maji kwa dazeni, kwa sababu ni laini na haichubui ngozi. Ya korongoni iacheni kabisa, kwani jua limekwisha kuidhoofisha, na mkoba utakaotokana nayo utapasuka ukiwa begani mwa mteja. Osheni kwa sabuni, anikeni kivulini, kisha ulazeni mfuko, ondoeni mshono wa chini na ukateni kwa upana ili mpate pete za sentimita 2 hadi 3, ambazo hupitishwa moja ndani ya nyingine mpaka ziwe uzi mmoja mrefu. Nailoni ya chupa ikateni kwa kuzunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Fumeni kwa kroshia nene, ya milimita 6 au zaidi, na msikaze mkono. Kwa bangili, kusuka nyuzi tatu kunatosha.

Mwalimu wa ufundi, Kongwa
Naongeza kuhusu pasi. Polithini laini, yaani plastiki ya mifuko laini, huyeyuka kwenye nyuzijoto 105 hadi 115 hivi, kwa hiyo pasi ya mkaa, ambayo joto lake halidhibitiki, haifai. Tumieni ya umeme kwa moto mdogo, tabaka kadhaa zikiwa katikati ya karatasi za kuokea, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na watoto. Kabla ya hapo, kateni kipande, kioshwe, kizamishwe majini na kuondolewa mapovu yote: polithini huelea, lakini PVC, plastiki ya aina ya mabomba ya maji, huzama, na hiyo msiipashe moto kamwe kwa sababu hutoa gesi yenye asidi inayodhuru mapafu.

Mwanakikundi, Chamwino
Nashukuru sana, mwalimu. Vipi kuhusu mifuko ya mbolea na ya viuatilifu?

Mwalimu wa ufundi, Kongwa
Hapana, dada yangu. Mabaki ya kemikali hayaishi kwa kuoshwa, na kitu hicho kitakaa juu ya ngozi ya mtu kutwa nzima.