Huyu muongoza wageni wa makumbusho hapa Bagamoyo atakuja kunipeleka jela

Wakuu naandika nikiwa na hasira mpaka kidole kinakosa herufi, mtanisamehe. Makumbusho yenyewe siitaji, Bagamoyo hii sio New York, na jamaa mwenyewe simtaji ila wote mnamjua, yule wa jaketi juani saa nane mchana, mwenye Kijerumani cha maneno manne anachokitembeza kutwa nzima. Ndo huyo huyo.

Leo nimempeleka bibi yangu. Kazaliwa hapa, kaolewa hapa, na hajawahi kutia mguu humo ndani hata siku moja, tukasema tumtoe nje kidogo. Tumelipa kiingilio, tumeingia vizuri. Bibi kaiangalia minyororo ya watumwa kwenye kioo, kanyamaza muda mrefu. Kaangalia picha za wapagazi na pembe za ndovu za kutoka huko Ujiji na Tabora. Alipofika kwenye mlango wa nakshi akaanza kunionyesha ni misumari ipi ya shaba imeng'oka, mtu anaelewa vitu huyu! Basi magoti yakaanza. Kuna benchi kwenye kona ya vyombo vya nyumbani, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kawa, mtungi. Akakaa. Kanga zake mbili, usingizi ukampitia kidogo.

Ndo wanaingia Wazungu na mheshimiwa kawatangulia. Akawaonyesha kinu. Akawaonyesha mbuzi. Halafu bila hodi bila haya kidole kikahamia kwa bibi yangu, akasema HUYU NDIYE MWANAMKE WA KISWAHILI WA ZAMANI.

Bibi yangu jamani! Kati ya kinu na mtungi!

Wazungu "aaaah" kama wameona twiga, simu juu, flashi paa paa paa, na mmoja kainama kabisa kusoma ile karatasi ya maelezo. Ya mtungi! Imeandikwa chombo cha kuhifadhia maji ya kunywa, yeye anasoma mstari, anamtazama bibi, anasoma mstari, anamtazama bibi.

Nikamfuata, kaka, huyu ni bibi yangu na tumekata tiketi. Unajua kanijibu nini? "Sasa si mngesema mapema." Mapema wapi, getini? Nikate tiketi niseme hii moja ya bibi naomba asiwekwe kwenye maelezo?

Na historia yenyewe haijui. Kawaambia Wajerumani walitoka Bagamoyo 1961! Makao makuu yao walishahamishia Dar tangu 1891, mji wenyewe Waingereza wakauchukua 1916, huyu anawapa miaka 45 ya nyongeza, mshahara wao nani atalipa? Hilo nimemsamehe. Lakini MWANAMKE WA KISWAHILI WA ZAMANI, mjukuu nimesimama pale pale! Na mzungu mmoja akamshikisha noti ya elfu kumi akaondoka zake. Nimetetemeka.

—

Pweza Mkavu: Pole mkuu. Tuanze na la msingi, ile elfu kumi bibi aliirudisha?

Mjukuu wa Dunda (mleta uzi): Haihusiani na mada.

Pweza Mkavu: Kaifunga kwenye pindo la kanga huyo 😂😂

Mjukuu wa Dunda: Kaifunga. Na njiani ananiuliza Jumamosi wanafungua saa ngapi. Hilo lisiwatoe kwenye hoja!!

Shangazi Asiyelala: Mwanangu bibi kapata ajira bila hata barua ya maombi, wewe unamwaga povu. Kamuulizie habari ya mkataba.

Tuliza Boli: Hii chai. Uzi bila picha hatusomi.

Mjukuu wa Dunda: Picha wanazo Wazungu!!! Ndo nachosema hicho!!!

Fundi Jahazi: Mi waongozaji wa mji huu nilishawavulia kofia. Mmoja kawaambia wanangu Livingstone alifia Bagamoyo, tena kwa kuzama. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, 1873. Hapa iliingia maiti 1874, akina Chuma na Susi wameibeba kwa miezi kibao wakiwa na wenzao, ikapelekwa Uingereza kuzikwa. Mtoto kaenda kuyaandika ya kuzama kwenye mtihani.

Pweza Mkavu: Alipata?

Fundi Jahazi: Mwalimu naye kampa tiki. Hapo ndo nilichoka.

Mgosi wa Ngamiani: Nyie mna nafuu. Huku Tanga Novemba 1914 Waingereza walishusha askari kama 8,000, Wajerumani na askari wao wanafika 1,000 hivi, nyuki wakaingilia kati, watu wakarudi kwenye meli mbio. Sasa kila mzee ukikaa naye barazani, nyuki walikuwa wa babu yake. Jirani yangu anataka fidia ya mizinga, na mgeni akija lazima apitishwe kwake aoneshwe mti. Mti wenyewe mwembe mchanga, mimi nimeuona unapandwa.

Shangazi Asiyelala: Mgosi anzisha uzi wako, hapa tunajadili mshahara wa bibi.

Abiria wa Kudumu: Jamani mimi nimeona kichwa cha habari Makumbusho na Bagamoyo nikajua mnamsema yule konda wa gari za Bagamoyo zinazotoka Makumbusho, ile stendi ya Dar!! Yule mwenye meno ya mbele yenye nafasi. Siku ile tumetoka stendi hatuna pa kuweka mguu, Tegeta kaongeza, Bunju kaongeza, Mapinga akasema sogeeni nyuma kuna nafasi, nyuma kuna mama na ndoo ya dagaa mapajani mwangu.

Tuliza Boli: Namjua!!! Chenji yangu anayo mpaka leo.

Mjukuu wa Dunda: Wadau turudi kwenye mada

Fundi Jahazi: Mimi alinishusha Kerege nikamwambia naenda Bagamoyo mwisho, akaniambia hii gari imeshachoka.

Pweza Mkavu: Kerege una bahati. Mi Zinga, saa nne usiku, na nauli ya mwisho wa gari nilishatoa.

Abiria wa Kudumu: Sasa subirini niwape ya dagaa ilivyoisha maana yule mama alishuka Kiromo, ndoo akaisahau